WRX yangu haitakuwa STI: shajara ya injini, Tanga

Januari

Wakuu, nimeamua kuandika hii kitu kwa sababu kila nikipaki kijiweni Ngamiani swali ni lilelile, "hiyo si unafunga tu tabo ya STI mambo yanaisha?" Mi nimechoka kujibu kwa mdomo. Nitakuwa naandika hapa kila nikigusa gari, anayetaka kubisha abishe na namba. Kwa mgeni, tabo ni ile feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa zaidi kwenye injini, na STI ni ndugu mkali wa WRX yangu.

Gari yenyewe ni Subaru Impreza WRX, bodi GDA, ya 2001, ile ya macho ya duara. Imetoka Uingereza, haijatoka Japani, na hilo shika kabisa maana ndo linachanganya watu wengi. Injini EJ205, lita mbili, manyuali ya gia tano. Ya muingereza hii kwenye karatasi ni farasi 218 na toki (nguvu ya kuzungusha) ya nyutoni-mita 292 kwenye mizunguko 3600. WRX ya Japani, injini jina hilohilo EJ205, inaandikwa 250. Kwahiyo mtu anakuja na namba ya Japani aliyoisoma mahali anailinganisha na gari ya muingereza halafu anakwambia gari yako imechoka. Haijachoka, ndivyo ilivyozaliwa. Ya kwetu sisi haina ule mfumo wa kuchezesha taiming ya kamshafti ya kuingizia hewa, na kompresheni yake ni 8.0 kwa 1, na ramani ya kontrol boksi, yaani mipangilio ya kompyuta ya injini, ni ya upole.

Upande wa pili yupo shemeji yangu, kaoa dada yangu mkubwa, ana STI ya Japani ya 2004, GDB, injini EJ207. Hiyo karatasi inasema 280 na nyutoni-mita 394. Wajapani walikuwa na makubaliano yao ya kutotangaza zaidi ya 280, wakayaacha hukohuko 2004, kwahiyo ile 280 ya STI ichukue kama heshima tu. Tutazilinganisha hizi mbili mwanzo mwisho. Pesa ya STI sina, na gari yangu naipenda, ninachotaka kujua ni kipande gani cha STI kinanifaa na kipande gani kitanivunjia kingine.

Januari, mwishoni

Kabla ya kitu chochote, kupima kompresheni, yaani presha ya kila silinda. Fundi wangu wa Makorora mzee mtu mzima, hana makelele, nimefika nikamwamkia shikamoo kanijibu marahaba bwana mdogo, toa plagi zote kwanza ndo tuongee. Kutoa plagi za Subaru mnajua wenyewe, injini imelala, betri itoke, boksi la filta litoke, tangi la maji ya kioo litoke, mkono unapita kwenye kijinafasi kati ya hedi na chesisi.

Injini ya moto, tiroto imefunguliwa yote, fyuli pampu imekatwa. Tumepata 148, 151, 146, 150 psi. Tofauti kati ya kubwa na ndogo ni 5. Mzee kaziangalia kaguna, "hii nzima, usiiue." Basi. Kama ingekuja moja ina 120 shajara hii ingeishia hapahapa na ningekuwa natafuta pistoni.

Taiming belti tumebadilisha, pamoja na rola zake na pampu ya maji, maana historia yake siijui na EJ ya kamshafti nne belti ikikatika valvu zinakutana na pistoni, hapo unazungumzia injini nyingine.

Februari

Leo ndo ile ya bloku. Hii ndefu kidogo.

EJ205 na EJ207 ukiziweka chini kwenye turubali mtu asiyejua atasema ni pacha. Zote cc 1994. Zote silinda ina kipenyo cha milimita 92 na pistoni inatembea milimita 75. Familia moja ya EJ iliyoanza na Legacy 1989 na Subaru wakaja kuiaga na toleo la mwisho la magari 555 pale Japani. Lakini ukifungua hedi ukachungulia juu ya bloku ndo unaona pesa ya STI ilipoenda.

Bloku ya WRX yangu ni ya wazi juu. Maana yake silinda zimesimama ndani ya njia ya maji zimeshikwa chini tu, kama glasi mbili umezisimamisha kwenye beseni. Inapoa vizuri sana, kwa joto la Tanga hilo si jambo dogo, ila ukizidisha presha ndani ya silinda zile kuta za juu zinatikisika kidogo kidogo, gasketi ya hedi inasuguliwa, siku inaachia na unaanza kuona mapovu kwenye tangi la akiba la maji. Bloku ya STI imefungwa nusu, kuna vidaraja vya alumini vinaishika silinda kwa juu upande na upande. Maji yanapita bado ila silinda haichezi. Hii huwezi kuifunga baadae kama aksesari, imetoka hivyo kwenye kalibu.

Halafu hedi. Ya STI ina AVCS, ule mfumo wa kuchezesha taiming ya kamshafti, upande wa kuingiza hewa, na valvu za eksosi zina sodiamu ndani, joto linatoka kwenye kichwa cha valvu linakimbilia kwenye shina haraka. Ndo maana geji ya mizunguko ya shemeji inaanza nyekundu kwenye 8000 na yangu kwenye 7000. Chukua kalamu: pistoni inatembea milimita 75 kwenda na 75 kurudi, kwa mizunguko 8000 kwa dakika wastani wa mwendo wake unakuja mita 20 kwa sekunde. Ya kwangu kwa 7000 ni 17.5. Hiyo tofauti ya 2.5 inaonekana ndogo ila nguvu inayovuta rodi haipandi sawasawa na mizunguko, inapanda kwa mraba wake, kwahiyo kutoka 7000 kwenda 8000 rodi inavutwa zaidi kwa karibu asilimia 30. Kuna mtu aliniambia "ondoa limita tu ipige 8000." Ondoa ya kwako kwanza mkuu, mi nitakuja kuangalia.

Sasa angalia hii nyingine ambayo mi ndo imenifungua macho. Farasi ni toki mara mizunguko, hakuna uchawi. Ukigeuza hesabu, STI inapotoa farasi 280 kwenye mizunguko 6400 bado ina nyutoni-mita kama 307 pale juu. WRX yangu inapotoa 218 kwenye 5600 ina kama 273, na ikivuka hapo inakata pumzi. Kwahiyo raha ya STI iko juu ya mizunguko 5500. Kutoka kituo cha Kange mpaka mjini gia ya tatu mizunguko 3000 mi na shemeji hatuachani kiasi hicho, na kwenye 2500 yangu inaamka mapema kuliko yake sababu tabo yangu ndogo.

Februari, siku hiyohiyo usiku

Shemeji kasoma nilichoandika juu kanipigia. "Shem, unaandika kama unaogopa. Mi nina tabo nyingine ya STI ipo stoo, njoo uchukue."

Nikamwambia shem nashukuru sana ila haiingii. Kanyamaza. STI ya Japani kuanzia 2003 ina tabo ya VF37 ya IHI, hiyo ni ya njia mbili, moshi wa silinda unaingia kwenye tabo kwa vitundu viwili vilivyotenganishwa, na eksosi manifoldi yake ni tofauti kabisa na mpaka sampu ya oili ni tofauti ili ile manifoldi ipite. Flenji ya kwangu ina njia moja. Ukitaka hiyo ubebe manifoldi, ap-paipu (bomba la moshi la kuingia kwenye tabo), sampu, dauni-paipu (la kutokea kwenye tabo), na bado kontrol boksi haijui kitu. STI za mwanzo za bodi hii, zenye VF30, hizo ni za njia moja na flenji ya boliti tatu inakaa kwenye WRX bila kuchomelea.

Na ndo hiyohiyo sababu STI ya shemeji hailii ile "bru bru bru" ambayo watu wanaijua Subaru kwayo. Ile sauti inatokana na mabomba ya manifoldi kuwa marefu na mafupi, moshi unafika kwa zamu zisizolingana. Ya kwake mabomba yanalingana, inalia kistaarabu. Watoto wa mtaani Chumbageni wanajua yangu ndo kali, na mimi siwasahihishi.

Machi

Nimevuka mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa kwa spea. Kenya Subaru wamezizoea kuliko sisi, wale watu toka enzi za Safari Rally wanajua Impreza ni nini, Patrick Njiru alimaliza wa nne na Impreza 1994 na Richard Burns akaja kushinda nayo 2000. Kwahiyo spea zipo na mafundi wa kuzibishania wapo. Nimerudi na ap-paipu isiyo na katalisti (kile cha kusafishia moshi), gasketi zake mpya, na plagi za NGK zenye namba 7 badala ya 6. Kwa NGK namba inavyopanda plagi inakuwa ya baridi zaidi, inatoa joto haraka kwenye silinda, na busti (presha ya hewa ya tabo) ikiongezwa hicho ndo unachotaka.

Machi, Jumamosi

Ap-paipu. Wenye WRX za muingereza na za Marekani za miaka hii someni hapa hata kama mengine mtaruka.

Kuna katalisti ndogo imewekwa ndani ya lile bomba linalopeleka moshi kwenye tabo, KABLA ya tabo. Iliwekwa hapo ipate joto mapema asubuhi injini ikiwa baridi ili moshi uwe safi. Nia nzuri. Ila ikizeeka ikimeguka vipande vyake vina njia moja tu ya kwenda, kwenye feni ya tabo inayozunguka zaidi ya laki moja kwa dakika. STI ya Japani haina kitu hicho pale.

Boliti za flenji zimekaa na kutu ya Ulaya, ile ya chumvi ya barabarani, sio hii yetu ya bahari. Mzee kapaka oili ya kupenyeza jana yake, leo kapasha moto kwa gesi, kagonga kidogo, kapasha tena, kila nati inatoka na kelele kama paka anakanyagwa. Moja ikakatika. Kaitoboa taratibu na drili ya mkono huku anaimba kwa sauti ya chini, mi nashika taa. Bomba lilipotoka tukachungulia na tochi, katalisti bado nzima, ina ufa mmoja pembeni. Nimelitunza.

Pale kuna sensa ya joto la moshi, ukitoa lile bomba sensa haina pa kukaa na taa ya injini inawaka. Dawa yake ni rizista ya kilo-omu 2.2 kwenye soketi ya sensa, bei yake haifiki soda, nimeipata kwa fundi redio barabara ya nane. Katalisti ya dauni-paipu nimeiacha, sitaki gari inukie petroli mpaka sebuleni, na tena faida ya kuitoa kwa tabo ndogo kama hii haifiki pale watu wanapodai.

Mabadiliko? Tabo inaamka mapema kidogo. Si ya kuandikia barua.

Aprili

Masika. Mvua, uwani matope, gari imefunikwa. Nimetumia muda kupiga hesabu za injekta, zile za kumwaga petroli, na hapa ndo ilipokufa rasmi ile hoja ya "funga tabo tu".

Injekta za WRX ni takriban cc 440 kwa dakika kila moja. Za STI, zile za pinki, takriban 550. Gari hizi zina sensa ya hewa inayosoma gramu za hewa kwa sekunde, na kwa makadirio ya mtaani kila gramu moja ni kama farasi 1.25 kwenye kranki. Gari yangu ikiwa ya kiwandani inavuta kama gramu 175, inaendana na ile 218.

Sasa tuseme nataka 250, kwa tabo yangu hiihii ya Mitsubishi TD04 ikikazwa vizuri. Hiyo ni gramu 200 za hewa. Chini ya busti unataka mchanganyiko mzito, gramu 11.2 za hewa kwa moja ya petroli, kwahiyo petroli kama gramu 17.9 kila sekunde. Geuza kuwa cc kwa dakika, gawa kwa injekta nne, kila moja inatakiwa kumwaga kama 360. Kwa injekta ya 440 hiyo ni asilimia 82 ya uwezo. Pumzi ipo, imebaki kidogo, tunaenda.

Haya funga VF30 utake gramu 250 za hewa, farasi 310 hivi. Rudia hesabu ileile: kila injekta inadaiwa cc 449. Uwezo 440. Injekta ipo wazi muda wote na bado haitoshi, mchanganyiko unakuwa mwepesi juu kabisa ya mizunguko pale ambapo joto ndo kali, injini inanoki (petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda), pistoni inapasuka kwenye ukingo wa ringi. Gari itakuwa tamu sana siku hiyo ya kwanza, nakubali. Ukiweka injekta za 550 kwenye hesabu hiyohiyo inarudi asilimia 82. Unaona Subaru walivyozipanga? WRX na injekta yake, STI na injekta yake, zote zimeachiwa nafasi karibu sawa. Ukichukua kimoja bila mwenzake umevunja ndoa.

Na ukiwa na farasi 310 toki imepanda, ukirudi kwenye bloku ya wazi na giaboksi ya gia tano ambayo nitaifikia, utakuta kila kitu chini ya tabo kinadai na chenyewe kibadilishwe. Mwisho wa orodha umenunua STI kwa vipande na bei yake imezidi STI nzima.

Kwahiyo dari yangu naiandika hapa isije ikasogea kwa maneno ya kijiweni: farasi 250, toki isizidi 350, mizunguko 7000, tabo ileile.

Mei

Bado mvua. Nimefunga geji ya busti na sensa ya widibendi ya kusoma mchanganyiko. Radieta imesafishwa, mapezi ya intakula (kipozea hewa inayotoka kwenye tabo) yalikuwa na panzi wa Uingereza.

Juni

Ramani. Kontrol boksi ya gari hii ni ya Denso ya biti 16 na inaandikika kwa laptopu na waya wa Tactrix, unaunganisha zile soketi za kijani chini ya dashibodi, unawasha swichi, feni na pampu zinaanza kulia zenyewe ka-ka-ka, hapo imekubali kuandikwa. Usiguse kitu mpaka imalize na betri iwe na chaja.

Kijana aliyenisaidia yuko Dar, tumefanya kwa kutumiana mafaili. Mi naenda barabara ya Pongwe alfajiri, mdogo wangu kashika laptopu, gia ya tatu kutoka 2500 mpaka 6500 pale pasipo na watu, narudi nyumbani namtumia, ananirudishia ramani mpya. Busti tumeiweka bar 1.1 katikati halafu inashuka taratibu mpaka 0.8 ikikaribia 6500. Kuna watu hawapendi hiyo ya kushuka, wanataka sindano isimame palepale. TD04 ukiilazimisha bar 1.1 kwenye 6500 inakuwa inapasha hewa tu, feni imetoka kwenye eneo lake la kazi, hewa inaingia ya moto, kontrol boksi inarudisha taiming ya cheche nyuma na unapoteza ulichokitafuta.

Namba nnayoiangalia kuliko zote ni IAM. Kwenye boksi hizi za biti 16 inaenda mpaka 16. Ikiwa 16 boksi inaamini petroli yako na inatumia taiming yote uliyoiandika, ikisikia noki za kutosha inaishusha. Wiki ya kwanza yote 16. Halafu siku moja nikajaza kituo kimoja njiani, sikitaji, kesho yake naangalia IAM 11 na gari nzito kama imebeba mkonge. Sikugusa ramani. Nimeendesha taratibu mpaka tangi likakaribia kuisha, nikajaza nnapojaza siku zote, safari mbili tatu IAM imepanda mpaka 16 yenyewe. Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza bei watu wote wanaangalia shilingi, mwenye tabo aangalie na namba hii.

Na kwa sababu hiyo taiming ya juu tumeiacha digrii mbili chini ya pale ilipoanza kulalamika. Ramani nyingi unazopewa bure zimepangwa na mtu aliyeko kwenye nyuzi 10 za joto na petroli ya oktani 98 au 100. Sisi hapa saa saba mchana intakula iko juu ya injini, umesimama foleni nyuma ya bajaji, chuma chote kile kimeiva, ukikanyaga unameza hewa ya jikoni.

Matokeo: gramu 198 za hewa. Kwa makadirio yale yale ni farasi 247 hivi. Injekta asilimia 81. Mchanganyiko 11.1 juu. Noki hakuna.

Julai

Lushoto. Nilitaka kuona milimani inakuwaje, na harusi ya binamu ilikuwa huko, kwahiyo Segera, Korogwe, Mombo, halafu kukata kulia kupanda zile kona. Nilipofika Mombo nilizima gari dakika kadhaa nikanunua matunda, kisha nikapanda laptopu ikirekodi kwenye kiti cha nyuma, dada yangu kaishika huku analalamika kona.

Kwa asiyejua, gari yenye tabo haipotezi nguvu mlimani kama isiyo na tabo, ila tabo ndo inalipa. Pwani hewa ya nje ni kama bar 1. Lushoto mita 1400 hivi ni kama 0.86. Ukitaka geji isome bar 1, pwani tabo inazidisha hewa mara mbili, kule juu inabidi izidishe mara 2.16. Inazunguka kwa kasi zaidi, inapasha zaidi. Rekodi zimeonyesha hivyohivyo, boksi inafungua zaidi ile valvu ya kuongozea westigeti (kilango cha kupitisha moshi pembeni ya tabo) kuifikia busti ileile, na busti inaanza kunyanyuka mizunguko mia mbili tatu baadae kuliko Pongwe. Tabo ambayo pwani ina nafasi kidogo, kule juu haina. Nimepunguza busti ya juu nusu ya kumi ya bar kwenye jedwali la presha ya hewa. Kwa mtu wa Arusha au Mbeya jedwali hilo ndo la kuanza nalo.

Kuteremka nimetumia gia, breki zangu si Brembo. Shemeji yeye ana pistoni nne mbele, mbili nyuma, Brembo za kiwandani, alikuwa nyuma yangu ananiwashia taa. Hiyo sehemu ya STI naitamani kweli, kuliko tabo. Ila ndani ya rimu zangu za inchi 16 hazikai, inabidi inchi 17 kwanza, na rimu za kwake kwa vile gari ni ya 2004 bado ni boliti tano kwenye duara la milimita 100, zinaingiliana na zangu. STI kuanzia modeli ya 2005 zimehamia 114.3, ukinunua rimu za mtu ulizia mwaka.

Agosti

Giaboksi, niliahidi. Ya kwangu ni gia tano, ya shemeji ni gia sita, na hizi hazina undugu wowote zaidi ya nembo. Ya gia sita ni kubwa, nzito, meno mapana. Ya gia tano ilipangwa kwa zile nyutoni-mita 292 na akiba ya kiasi, meno ya gia ya tatu ndo huwa yanatangulia kwenda. Kinachoyavunja ni toki ya ghafla, farasi hazina kosa hapo, ndo maana kwenye ramani nimekata toki katikati isizidi 350 hata kama tabo ingeweza kutoa zaidi kwenye 3500. Na mimi siachii klachi kwa kishindo taa zikiwaka kijani, wanaotaka kuona hivyo waende kwa shemeji.

Mtu kaniuliza si nibadilishe tu niweke ya gia sita. Inawezekana, inakaa. Ila difu ya nyuma ya WRX ni R160 na ya STI ni R180, na uwiano wa mbele na nyuma lazima uoane la sivyo gari inajipigana yenyewe, kwahiyo unachukua giaboksi, propela shafti, difu, shafti za magurudumu ya nyuma na habu zake. Nimeulizia Ilala, seti nzima iliyokamilika inakaribia bei ya WRX nyingine inayotembea.

Tulibadilishana magari na shemeji kwa jioni moja, Raskazone mpaka Sahare na kurudi. Ya kwake chini ya 3500 imelala kabisa, unakanyaga unasubiri, halafu ikiamka haiishi, 6000, 7000, bado inavuta. Kashuka kwenye yangu kaniambia "Shem hii ya mjini tamu kuliko yangu, ila ikifika juu inaniambia asante kwaheri." Ni kweli.

Sasa hivi kilichobaki ni klachi. Gia ya nne, mizunguko 3500, mguu chini, sindano ya mizunguko inaruka mbele kidogo kabla ya spidi. Ni ile iliyokuja nayo, na haikuwahi kuulizwa 350 na mtu yeyote. Mzee kasema tukishusha giaboksi tubadilishe na oili sili ya kranki ya nyuma na ile beringi ya kuachia klachi, na flaiwili aipeleke ikasawazishwe. Nimeagiza klachi ya STI ya gia tano ya zamani, ile inakaa. Ikifika nitaendelea.